Leseni ya Bongo hapa Uingereza: nifanye mtihani wa manyuo au otomatiki?

MtuWaMbagala
Wakuu, habari za majukumu. Nina miezi mitano hapa Leicester, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani kwao, na mwajiri anataka niwe na gari. Leseni ninayo ya Tanzania, daraja D, nimeendesha Dar miaka sita. Nimeambiwa naruhusiwa kuitumia miezi 12, baada ya hapo basi. Swali: nifanye mtihani wa manyuo (gari ya klachi), au otomatiki ili nimalize haraka? Na nilipie mwalimu, au mume wangu atatosha? Yeye ya hapa aliipata mwaka juzi.

KipileftiMwenge
Dada, kwanza piga hesabu. Miezi 12 inaanza siku ulipohamia, si siku utakayonunua gari. Umebakiwa na saba. Leo hii agiza leseni ya kujifunzia, ile kadi ya kijani, pauni 34 mtandaoni. Bila hiyo hata mtihani wa nadharia huombi. Foleni ya mtihani wa barabarani ndiyo inayomaliza watu, mimi nilipewa tarehe ya miezi mitano mbele.
Gia? Otomatiki. Mimi nilikomaa na manyuo kwa jeuri tu, eti nimeendesha Canter Kariakoo.

Msafiri_Mvita
Hapo napinga. Ukifaulu kwa otomatiki kadi yako inaandikwa namba 78, yaani manyuo huigusi mpaka ufanye mtihani mwingine. Na gari za bei ya chini za mkononi nyingi ni za klachi. Wewe klachi unaijua, unakimbia nini?
Ila mwalimu lipa, hata masaa sita. Si wa kukufundisha kuendesha, ni wa kukusahaulisha. Mtihani wangu wa kwanza nilikuwa naenda vizuri kabisa. Nikamwona bibi kando ya njia na kitoroli chake, hata zebra hapakuwa. Nikasimama, nikampungia mkono avuke. Bibi akasita, gari ya nyuma ikafunga breki. Mtahini hakusema neno, nilisikia tu kidole kikigonga tableti. Kwetu Mombasa huo ni uungwana. Hapa umemwita mtu barabarani na hujui kinachokuja upande wa pili. Makosa madogo unasamehewa mpaka 15, zito moja tu umerudi nyumbani. Pauni 62 zangu hizo.

MamaWawili
😂 Pole kaka. Mimi otomatiki na sijutii, gari za umeme zenyewe hazina klachi.
Kilichonitesa ni nadharia. Maswali 50, upate 43. Halafu video za kutambua hatari, 44 kati ya 75. Maswali nilipata 47, video 40, nikarudia vyote viwili! Na usibofyebofye hovyo, klipu hiyo wanakupa sifuri. Kiswahili usikitegemee, wakalimani waliondolewa 2014.

KipileftiMwenge
Kuhusu shemeji: anayemsimamia mwanafunzi lazima awe na miaka 21 na leseni ya miaka mitatu. Kwa sasa halikuhusu, leseni yako ya Bongo bado hai, unaendesha peke yako ilimradi una bima. Lakini ukivuka miezi 12 hujafaulu, unabandika kibao cha L cha mwanafunzi, na shemeji hafai kukaa pembeni yako.

Msafiri_Mvita
Na bima ulizia kabla ya kununua gari. Wengine wakisikia leseni ya nje wanakata simu, wengine wanakutajia bei mpaka unakaa chini.
Kinachoniuma: mwenzangu kazini ni wa Zimbabwe, alijaza fomu akabadilishiwa yake bila mtihani. Nchi yao imo kwenye orodha. Kenya na Tanzania hatumo.

MamaWawili
Dada usisahau vipilefti vidogo, kale kadoa keupe kamechorwa kwenye lami. Ukikapanda kama tuta umekwisha. Na wa kulia kwako ndiye anayetangulia, hata kama wewe umefika kwanza.

MtuWaMbagala
Asanteni sana. Shemeji yenu amesoma pale kwenye miaka mitatu, kanuna. Kadi ya kijani nimeshaagiza. Naenda na manyuo, maana gari yake ni ya klachi, na ya pili pamoja na bima yake sina ubavu. Mwenye kumjua mwalimu asiyefoka hapa Leicester anitumie ujumbe faraghani.