Mpangilio wa meno umeharibika: nianze kwa daktari wa meno au kwa daktari bingwa wa kupanga meno?

Mama wa Wawili

Wapendwa, naomba ushauri kabla sijaweka miadi. Binti yangu ana miaka 9. Meno yake mawili ya mbele ya juu yameachana, jambo ambalo peke yake halinisumbui sana, lakini nimeona kwamba anapofunga kinywa taya la chini hutelezea kulia, na magego ya juu ya upande huo hukaa ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika. Mimi mwenyewe nina miaka 43, na siku hizi pengo limejitokeza kati ya meno yangu ya mbele ambayo zamani yaligusana. Ufizi nao hutoa damu ninapopiga mswaki. Kwa kuwa shida zote mbili zinahusu mpangilio, nimefikiri twende sote moja kwa moja kwa bingwa wa kupanga meno. Je, nafikiri sawasawa?

Tabibu wa Kinywa

Dada, kwa binti yako unafikiri sawasawa. Kwa upande wako, hapana.

Bingwa wa kupanga meno ni daktari wa meno kamili aliyeongeza masomo, kwa kawaida ya miaka 2 hadi 3, kuhusu ukuaji wa taya na namna ya kusogeza meno. Wengi wao, wakishafika hapo, hawazibi meno tena wala hawatibu ufizi. Pengo linalofunguka ukubwani, likiandamana na damu, hunifanya nishuku kwanza ugonjwa wa ufizi ambao umekwisha kula sehemu ya mfupa unaoshikilia meno, kiasi kwamba hata msukumo wa kawaida wa ulimi na wa kutafuna unatosha kuyasogeza. Daktari wa meno atapima kina cha nafasi iliyo kati ya jino na ufizi, ambacho kwa mtu mwenye afya huwa milimita 1 hadi 3, kisha atapiga eksirei ili aone mfupa uliobaki. Vyuma vya kupangia meno husogeza jino kwa sababu mfupa huyeyuka upande unaokandamizwa na kujengwa upya upande wa pili. Palipo na uvimbe ambao haujatibiwa, ujenzi huo hushindwa na jino huzidi kulegea. Ugonjwa ukishadhibitiwa, hata mtu wa umri wako anaweza kuvaa vyuma bila wasiwasi mkubwa.

Pengo la binti yako, katika umri huo, mara nyingi hujifunga lenyewe chonge zikiota, yaani kwenye miaka 11 au 12. Taya linaloteleza ndilo lisilofaa kusubiri: mara nyingi huteleza kwa sababu taya la juu ni jembamba, na kwa umri wake kiungo cha katikati ya kaakaa bado hakijafungamana na ni rahisi kulipanua taya la juu sasa kuliko baada ya kubalehe. Chama cha mabingwa wa kupanga meno cha Marekani hushauri mtoto achunguzwe mara ya kwanza kabla ya kuvuka miaka 7, kwa hiyo si mapema mno.

Niliyevaa Vyuma Ukubwani

Nakubaliana na Tabibu, ila nina nyongeza moja. Mtoto naye aangaliwe na daktari wa meno kabla ya kufungwa kifaa chochote, maana ukoga hunasa kwa urahisi pembezoni mwa vyuma, na mtoto mwenye meno yaliyoanza kutoboka huweza kuvuliwa vyuma akiwa na mabaka meupe ya kudumu. Tena, bima nyingine hazilipi bila barua ya rufaa, uliza mapema. Wapo pia madaktari wa kawaida wanaopanga meno yaliyopinda kidogo, na hilo si kosa, lakini penye kasoro ya taya mimi ningemtafuta bingwa.

Mama wa Wawili

Ahsanteni sana. Nitaanza kwa daktari wa meno kwa ajili yangu. Jirani amenishauri nizungushie raba ndogo kwenye meno yale mawili ili pengo lifunge wakati nikisubiri miadi. Kuna ubaya?

Tabibu wa Kinywa

Upo, tena mkubwa. Jino hupungua unene kuelekea mzizini, kwa hiyo raba hupanda taratibu, huingia chini ya ufizi isionekane, na huendelea kuharibu mfupa hadi jino hung'oka. Kwako wewe ambaye mfupa huenda umepungua tayari, usijaribu hata kwa usiku mmoja. Vivyo hivyo, usiagize vifaa vya plastiki vya kunyoosha meno ambavyo hutumwa bila mtu yeyote kukuchunguza kinywa.

Utakapomwona daktari, mwombe nakala ya eksirei na vipimo vya ufizi, kwa kuwa bingwa atavihitaji baadaye. Miadi ya binti yako iweke sasa hivi. Haina sababu ya kusubiri matibabu yako yaishe.