Modeli ya kutabiri mizunguko ya watu inachemka mlipuko ukianza, shida iko wapi?

kokotoa_tu

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana kichwa kimegoma. Niko kwenye mradi wa kutabiri watu watabadilisha vipi safari zao ugonjwa wa mlipuko ukiingia, yaani leo ikitangazwa shule zinafungwa na mikusanyiko marufuku basi tujue wiki mbili mbele ni safari ngapi bado zitakuwepo kutoka eneo hili kwenda lile. Data ninayo ya simu, ya kila siku, eneo kwa eneo, namba na majina vyote vimeshatolewa. Nimeanza na ile modeli ya mvutano, ambayo safari kati ya sehemu mbili zinaongezeka watu wakiwa wengi huku na huku na zinapungua umbali ukiwa mkubwa, nikapandisha juu yake modeli ya kujifunza kwa mashine, yaani kompyuta inajifunza yenyewe kutoka kwenye data za nyuma.

Siku za kawaida inapiga safi, mpaka sikukuu inazipatia. Ikifika Machi 2020 ni vituko vitupu. Siku chache kabla ya kufungwa inasema watu wametulia kumbe data inaonyesha safari zimepanda, zikianza kushuka yenyewe inachelewa, afu baadaye watu washaanza kutoka zamani yenyewe bado inang'ang'ania wako ndani. Na tarehe za amri zote nimeziingiza. Niongeze data, nibadilishe modeli, au hiki kitu hakitabiriki tu?

mzee_wa_grafu

Kabla hujagusa modeli, unalinganisha na nini? Hapa ndo wengi wanapigwa. Chukua zile ripoti za mizunguko za Google za kipindi cha korona, asilimia zote zilikuwa zinahesabiwa kutoka wiki 5 za tarehe 3 Januari mpaka 6 Februari 2020, wanachukua thamani ya katikati ya siku hiyo hiyo ya wiki, Jumatatu kwa Jumatatu. Sasa kule kaskazini mwa dunia Januari ni baridi kali, nani anaenda bustanini? Ikifika Juni bustani zinaonekana zimejaa kupita kiasi, mtu anaandika "watu wamepuuza katazo" kumbe ni jua tu limetoka.

Na kuna hili la kukaa nyumbani, watu wanalisoma vibaya sana. Vipimo vingine mle vilikuwa vinahesabu watu waliofika mahali ila cha makazi kilikuwa kinapima muda. Mtu hata siku ya kawaida anakaa nyumbani nusu ya siku au zaidi, kwa hiyo hata akijifungia kutwa nzima asilimia yake haiwezi kupanda sana. Ukiona makazi imeongezeka 15 usiseme ni kidogo, na usiiweke kwenye grafu moja na ya vituo vya usafiri ukafikiri mizani ni moja.

Halafu hiyo data yako ya simu ni ya aina gani, ya jipiesi (GPS) au ya minara? Kama ni ya minara inayorekodi mtu akipiga au kutuma meseji, angalia kitu kimoja. Mlipuko ukianza watu wanapigiana simu kuliko kawaida, kuulizana hali, kupeana habari. Simu zikiongezeka na wewe unaongezewa nafasi za kumwona mtu yuko wapi, kwa hiyo safari ambazo zamani zilikuwa hazionekani sasa zinaonekana. Huenda sehemu ya huko kupanda kwako ni simu na sio miguu.

Binti_Takwimu

Mzee wa grafu yuko sahihi kwenye kipimo ila mi nadhani kubwa zaidi ni hizo tarehe za amri. Umeiambia modeli kwamba amri ndo inasababisha watu watulie, wakati watu hawasubirii amri. Wachumi wawili wa Marekani, Goolsbee na Syverson, walifuatilia simu za wateja kwenye biashara zaidi ya milioni 2 mwaka 2020, wakalinganisha maduka yaliyo jirani lakini moja liko upande uliofungwa na lingine upande ambao haujafungwa. Mizunguko ya wateja ilishuka zaidi ya asilimia 60, ila amri zenyewe zilielezea pointi kama 7 tu kati ya hizo. Kilichobaki ni watu wenyewe, hofu, na kinachofanya hofu ipande ni vifo vilivyotangazwa karibu na pale ulipo. Kwa hiyo ndo maana inachelewa kushuka kwako, inasubiri karatasi wakati watu washaogopa.

Na huko kupanda kabla ya kufunga sio simu peke yake, dada/kaka usimkimbilie mzee haraka. Wuhan kule Uchina ilifungwa 23 Januari 2020 na meya akasema watu kama milioni 5 walikuwa washaondoka, ingawa wengine walikuwa wanaenda zao sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Italia usiku wa tarehe 7 Machi rasimu ya amri ya kuufunga mkoa wa Lombardia ilivuja kabla haijasainiwa, watu wakakimbilia stesheni za Milan kudandia treni za kusini. Kwa hiyo ukiwa na tarehe ya kuanza tu umekosa nusu ya habari. Tenganisha siku ya fununu, siku ya tangazo na siku ya utekelezaji, afu iache modeli ijue kwamba kati ya tangazo na utekelezaji safari ndefu zinaweza kulipuka kwenda juu.

nipe_ushahidi

Mnamtia moyo bure. Hofu unaipimaje? Mtasema atumie utafutaji wa intaneti, sasa mmesahau Google Flu Trends? Ilianza 2008 inatabiri mafua kwa maneno watu wanayotafuta, msimu wa 2012/13 ikakisia karibu mara mbili ya wagonjwa waliokuwa wanahesabiwa hospitali, 2015 ikafungwa. Moja ya sababu zinazotajwa ni habari zilivyochachamaa, watu wasioumwa kabisa wanatafuta dalili. Hofu ya mtandaoni na hofu ya kumfanya mtu asipande basi ni vitu viwili.

Mimi ningeacha kabisa kutoa namba moja. Toa hali tatu nne: watu wakitii sana itakuwa hivi, wakichoka mapema itakuwa vile. Anayepanga vitanda na chanjo anahitaji kujua upana wa uwezekano, hiyo asilimia yako yenye desimali mbili haimsaidii.

kokotoa_tu

Asanteni, kwa kweli nimepata pa kuanzia. Data ni ya minara, kwa hiyo mzee umenishika pabaya, leo naenda kuangalia idadi ya simu kwa kila laini. Swali lingine, nimeona safari fupi zinapungua kidogo na ndefu zinapotea karibu zote. Nipunguze zote kwa kiwango kimoja au?

Binti_Takwimu

Usipunguze kwa kiwango kimoja hata kidogo, hapo ndo modeli ya mvutano inavunjika. Mlipuko unabadilisha namna umbali unavyouma, na sio idadi ya safari peke yake. Ujerumani 2020 data ya simu ilionyesha safari ndefu ndo zilipungua kuliko zingine, mtandao mzima ukawa wa kijirani jirani, na hiyo ina maana kwa ugonjwa kwa sababu safari ndefu ndo zinazoruka na virusi kupeleka sehemu mpya. Kipimo cha umbali kiache kibadilike wiki kwa wiki badala ya kukiganda kwenye thamani ya mwaka wa kawaida.

Kitu kingine gawanya watu. Anayefanya kazi kwa laptopu na anayelipwa kwa siku hawawezi kuwa na mkunjo mmoja kwenye grafu, wa pili ataanza kutoka mapema sio kwa sababu haogopi, ni kwamba akiba imeisha. India ilifungwa usiku wa 24 Machi 2020 kwa notisi ya masaa manne tu, mamilioni ya vibarua wakabaki mjini bila kazi wala usafiri, wengine wakatembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi kwao. Modeli yoyote inayosema "kufunga = kutulia" ingekosa safari hizo zote, na data ya simu nayo inawakosa wengi maana simu imezimika chaji njiani au familia nzima wanatumia moja.

mzee_wa_grafu

Naongezea tu kwenye kupima. Kabla hujajisifia wala kujilaumu weka mshindani mjinga kabisa, yaani "wiki ijayo itakuwa kama wiki hii, siku kwa siku". Utashangaa modeli ngapi za maana zinapigwa na huyo. Na usiripoti kosa la wastani wa mwaka mzima, litakuficha, toa kosa la zile wiki za mabadiliko peke yake, kushuka na kurudi, maana huko katikati hata mtoto anapatia.

Nipe_ushahidi kwenye hali tatu nne nakubaliana naye, ila bado unahitaji modeli ya kuzitengeneza hizo hali, hazianguki kutoka mbinguni.

nipe_ushahidi

Sawa hapo nimekuelewa mzee. Ila kokotoa_tu, umesema namba na majina vimetolewa, hiyo haitoshi. Kuna utafiti wa 2013 wa data ya simu za watu milioni 1.5, rekodi nne tu za mtu alikuwa wapi na saa ngapi zilitosha kuwatofautisha asilimia 95 ya watu hao na wengine wote. Kama unayo njia aliyopita mtu mmoja mmoja mahali popote kwenye mafaili yako, jumlisha kwa eneo na ufute safari zilizo chini ya idadi fulani kabla hujamtumia mtu yeyote hata huyo msimamizi wako.

kokotoa_tu

Nimejumlisha kwa eneo na kwa siku, ila vijiji vidogo vina safari mbili tatu tu, hizo nazifuta leo. Mshindani mjinga nimeshamjaribu haraka haraka kwenye wiki za kurudi, kanishinda. Kwenye za kushuka nimemshinda kwa kiduchu. Naanza na kutenganisha fununu na tangazo, nikikwama nitarudi hapa hapa.