Binti wa miaka 17 ameingia fainali ya urembo Kisumu: wiki tatu zatosha kumwandaa?

MamaNyalenda

Habari za jioni wadau. Binti yangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu. Alishinda shindano la mtaa likizoni na sasa anaenda fainali hapa Kisumu, wiki tatu kutoka leo. Kuna raundi nne: vazi la ubunifu, kipaji, gauni la jioni, halafu maswali kwa watano bora. Waandaaji wametuma fomu ya kurasa mbili na orodha ya vitu vya kuja navyo, basi.

Nauliza walio ndani ya kazi hii: pesa kidogo niliyo nayo niiweke wapi kwanza, na ni nini huwaangusha wasichana siku yenyewe? Na akishinda, kuna karatasi ya kutia sahihi ambayo nafaa kuiogopa? Ule ushauri wa "ajiamini tu" tafadhali muuweke kando, huo tunao wa kutosha.

MwalimuWaMwendo

Hongera kwa binti, mama. Pesa ya kwanza iende kwa viatu, na vinunuliwe wiki hii. Jaji aliyeketi mita sita kutoka jukwaani hawezi kujua kama gauni ni la elfu tatu au elfu thelathini, ila goti linalokunjika kila hatua analiona papo hapo. Jozi moja inayokaribiana na rangi ya ngozi yake inatosha raundi zote. Soko la Kibuye Jumapili hukosi jozi nzuri za mtumba. Mwende alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, maana kiatu kinachomtosha barabara asubuhi kitambana saa mbili usiku. Kisigino sentimita 8 hadi 10, na kiwe na mkanda wa kifundoni. Kisicho na mkanda huchomoka akigeuka.

Kabla ya kulipa, kipindueni mtazame ile kofia ndogo ya mpira chini ya kisigino. Ikiwa imelika hadi msumari unaonekana, kwenye vigae atateleza na kwenye zulia atanasa. Fundi wa viatu yeyote huibadilisha akikusubirisha. Soli ikiwa mpya na laini, ikwaruzwe kwa msasa pale chini ya vidole, mikwaruzo ikienda upande hadi upande. Wako wanaomwaga soda kwenye soli ili inate. Inanata, ndiyo, halafu inaokota vumbi lote la nyuma ya jukwaa na baada ya dakika kumi mna kiatu chafu kinachoteleza vilevile.

Mazoezi: dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Siku nne za kwanza avae viatu hivyo akiosha vyombo na kupanga nguo, ili kifundo kizoee uzito. Kisha mwendo wenyewe: hatua fupi kuliko ya kawaida, goti linyooke kabla uzito haujatua, mabega chini, macho juu kidogo ya vichwa vya majaji. Wimbo ukiwa wa kasi asiufukuze, akanyage pigo moja, aliache linalofuata. Akifika mbele asimame, ahesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo, ndipo ageuke. Wengi husimama nusu sekunde tu, na mpiga picha anaondoka na picha za mgongo.

Jambo moja ambalo fomu haitakwambia: majukwaa mengi ya hapa ni mbao zilizofunikwa zulia. Kisigino chembamba huzama kwenye mwanya kati ya mbao mbili. Siku ya mazoezi ya jukwaani aupite mstari wake wote kwanza kwa viatu bapa, apapase mianya kwa unyayo, na pale penye mwanya mbaya mbandike kipande cha selotepu ukingoni mwa jukwaa kama alama.

FundiWaGauni

Nakubaliana na mwalimu, na naongeza: bila viatu hivyo fundi asishike mkasi. Urefu wa gauni hupimwa akiwa amevivaa, amesimama wima, anatazama mbele. Akiinamisha kichwa kutazama, pindo la mbele linashuka na vipimo vinadanganya. Mbele liishie sentimita 2 juu ya sakafu, nyuma liguse. Likigusa mbele atalikanyaga kwenye ngazi, na ngazi ndipo wengi huangukia. Tena wakipanda! Akipanda ashike gauni kwa mkono mmoja juu ya goti. Akitembea jukwaani asilishike kabisa, alisukume mbele kwa ncha ya kiatu kila hatua.

Kwa bajeti ndogo, gauni la jioni kodisha. Ukikodi huruhusiwi kukata, kwa hivyo mwambie fundi apunguze kwa kushikiza, mishono mirefu ya uzi wa rangi ileile ambayo itafumuliwa kesho yake. Angalia zipu pale inapopita kiunoni, penye mshono mnene. Hapo ndipo zile zipu za kufichwa hupasuka. Sugua mshumaa kwenye meno yake, na ikipasuka jukwaa likisubiri, msiihangaikie: mshone ndani ya gauni kwa sindano na uzi ulioongezwa mara mbili, mtamkata akimaliza. Satini ya bei rahisi yenye rangi ya kijivu au samawati huonyesha jasho hata chini ya taa, na Kisumu jasho ni la lazima. Nyeusi, kijani kibichi kilichokolea au nyeupe huficha.

Vazi la ubunifu ndilo hula pesa ovyo. Matete, katani, ukindu, nyavu za uvuvi zilizochakaa, ngozi ya samaki wa mbuta, vyote vinapatikana bila kwenda mbali, na majaji hupenda vazi linaloeleza mahali. Lakini lishonwe, lisigundishwe. Gundi ya moto hulegea vazi likiachwa kwenye buti la gari juani, na mnafika ukumbini na mfuko wa vipande. Kama ni kitenge cha pamba, kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo mvua ya jioni ikikipiga kinapungua. Na pimeni mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Mabawa ya mita moja na nusu hayapiti kwenye mlango wa sentimita 80.

MsusiNaVipodozi

Kwa upande wangu nitasema machache.

Ngozi kwanza: kuanzia leo hakuna krimu mpya. Mkorogo wa kung'arisha haraka usikaribie uso wa mtoto huyo. Gundi ya kope za kubandika ijaribiwe nyuma ya sikio saa 48 kabla, kwa sababu nyingi zina mpira wa asili na jicho likivimba hakuna poda ya kuficha. Nyusi zitengenezwe siku tatu kabla, wala si asubuhi ya shindano.

Rangi ya uso ichaguliwe kwenye taya, nje, mchana. Taa za dukani ni za manjano na zitawafanya mchague isiyolingana na ngozi yake. Ile poda nyeupe isiyo na rangi ya ngozi ipakwe kwa uchache: kamera ikipiga fleshi inarudisha mwanga, na kwenye picha anaonekana kama aliyemwagiwa unga. Jipige picha ya majaribio kwa fleshi, gizani, kabla hamjatoka nyumbani. Mwilini asipake mafuta mazito mahali ambapo tepu ya kushikilia gauni itabandikwa, haitashika hata kidogo.

Ukumbi ukiwa karibu na ziwa na uko wazi, lipstiki isiyong'aa. Wale wadudu wadogo wa ziwa hufuata taa, na mdomo wenye mafuta unawanasa. Binti anajibu swali la mazingira na ana wadudu watatu mdomoni.

Taji: kila upande lina kichanio kidogo au kitanzi. Nywele zikiwa za matuta yaliyolala, kichanio hakina pa kushika na taji huteleza hadi nyusi. Msusi aache msuko mmoja unaovuka utosi kutoka sikio hadi sikio, taji likae nyuma yake tu, na pini mbili zikatane kama X kwenye kila kitanzi. Wigi lishonewe, lisivikwe tu. Na azoee kupiga goti kidogo anapovishwa, maana anayemvisha mara nyingi ni mfupi kuliko yeye na visigino vyake.

Ale. Shindano likiandikwa saa kumi na mbili linaanza saa mbili. Uji, mayai, ndizi, maji kidogo kidogo. Maharagwe na soda hapana, tumbo litajaa. Anayekaa na njaa tangu asubuhi ndiye huanguka chini ya taa.

MamaNyalenda

Asanteni sana, nimeandika yote. Maswali mawili zaidi. Kipaji chake ni kucheza isukuti, ile ngoma ya Waluhya, lakini ana dakika mbili tu na hana kikundi. Na kwenye fomu nimeona "kura za mashabiki", kura moja shilingi 10 kwa M-Pesa. Hiyo ni kawaida?

MezaYaMajaji

Isukuti peke yake inawezekana, mama, ila asitumie wimbo wa simu. Mchezo huu unategemea ngoma zenyewe za kupigwa: kubwa, ya kati na ndogo. Tafuta mpigaji mmoja tu wa ile ya kati asimame pembeni. Aanze kucheza mara moja, asitumie nusu dakika kueleza. Sentensi moja mwishoni inatosha, na anayo nzuri tayari: UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014. Majaji wengi hawalijui hilo. Apange dakika moja na sekunde 45, kwa sababu anayepitisha muda hukatwa muziki, na kukatwa kunaonekana kama kosa hata kama alicheza vizuri.

Maswali ndiyo raundi inayobadilisha mshindi. Kwa kawaida ni sekunde 30 hadi 45, yaani maneno 60 hadi 80 kwa kasi ya kueleweka. Sasa hesabu: "Asanteni majaji, hamjambo Kisumu, swali langu linasema kwamba..." Hapo sekunde kumi zimekwenda na hajasema kitu. Sentensi ya kwanza iwe jibu. Ya pili sababu. Ya tatu mfano wa hapa kwetu. Anyamaze.

Mfano, akiulizwa kuhusu gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani: "Gugumaji linalishwa na mbolea na majitaka yanayoingia ziwani, kwa hivyo kulivuna bila kuzuia majitaka ni kazi isiyoisha. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, lakini ghuba yetu ni nyembamba na maji hayazunguki vizuri, ndiyo maana sisi tunaumia zaidi. Ningeanza na mito inayoingia, kabla ya mashine za kuvuna." Hakuna maua maua hapo. Asikariri majibu hamsini. Ajue mambo sita kwa undani: ziwa, karo na mabweni, mimba za utotoni, ajira za vijana, utalii wa hapa, na mitandao. Ajibu kwa lugha anayoiwaza. Kiswahili kilichonyooka hushinda Kiingereza cha kutafuta maneno, na kuchanganya katikati ya sentensi hupoteza alama za ufasaha.

Maikrofoni aishike chini ya kidevu, upana wa vidole vitatu kutoka mdomoni, isishuke anapofikiri. Asisogee mbele ya spika, itapiga mluzi.

MikatabaNaMasharti

Nijibu la kura, kisha la karatasi.

Kura za kulipia ni njia ya waandaaji kupata pesa, na si lazima ziwe ulaghai. Uliza kwa maandishi zina asilimia ngapi ya alama. Zikiwa ni za "mshindi wa mashabiki" peke yake, sawa. Zikiwa nusu ya alama zote, hapo mnashindana kwa M-Pesa, na fedha zako ni bora zibaki kwenye viatu vya mwalimu.

Karatasi. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hivyo mzazi ndiye anatia sahihi, na nakala moja mnabaki nayo. Soma sehemu nne. Muda: mwaka mmoja ni kawaida, miaka mitatu kataa. Picha: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa data za mtoto, hivyo andika kwa mkono kwamba picha ni za kutangaza shindano tu, si za kuuza sabuni au pombe. Shughuli: ziandikwe kwamba hazitaangukia siku za masomo, na usafiri ni wa nani. Zawadi: kiasi, tarehe ya kulipwa, na njia. Ile hundi kubwa ya kadibodi ya jukwaani ni ya kupigia picha. Kama ni ufadhili wa karo, ulipwe shuleni moja kwa moja. Taji na utepe, uliza kama ni vyake au vinarudishwa, na vikipotea nani analipa.

Picha za "vipimo" kwa WhatsApp, mkutano wa mdhamini kwenye chumba cha hoteli, au mazoezi ya usiku ambayo mzazi hakubaliwi: mtoe shindanoni siku hiyohiyo. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Vazi la kuogelea kwa msichana wa miaka 17 likidaiwa, kataa, na wakileta hoja ya viwango vya kimataifa waambie Miss World yenyewe iliacha raundi hiyo kuanzia 2015. Na yeyote akiahidi kumpeleka Miss Universe mwaka huu kwa ada ya usajili, huko umri wa chini ni miaka 18, kwa hivyo unajua unaongea na nani.

FundiWaGauni

Nimesahau: mkoba wa siku hiyo. Sindano mbili zenye uzi tayari, vikwasi kumi, mkasi mdogo, plasta, kanga ya kuvaa juu ya gauni akisubiri, slipa, na tochi. Stima ikipotea, vyumba vya kubadilishia huwa vya mwisho kupewa jenereta.

MwalimuWaMwendo

Na plasta zibandikwe kisiginoni kabla ya kuvaa viatu. Lengelenge likishatoka hazisaidii tena. Mama, tuma urefu wake na saizi ya kiatu nikwambie kisigino cha kuanzia.