Bi mkubwa ana COPD, inhela ya bluu anaibonyeza mpaka moyo unaenda mbio, naombeni msaada

Mnyalukolo_Dar

Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa wangu yuko Mufindi, ana miaka 67, hajawahi kushika sigara ila amepika kwa kuni tangu binti, na baridi ya kule mnaijua, moto unawashwa ndani na mlango unafungwa. Kikohozi alianza nacho zamani, kapimwa TB zaidi ya mara moja hawaioni, antibayotiki kameza mpaka kachoka, mwishowe hospitali wakampulizisha kile kipimo cha nguvu ya mapafu wakasema ni COPD, yaani njia za hewa zimebana na hazitarudi kama zamani.

Kapewa dawa mbili za kuvuta. Moja inhela ya bluu, salbutamol. Nyingine ni kifaa unachoweka kapsuli ndani unavuta unga wake, tiotropium, kapsuli moja kwa siku. Sasa shida ipo hapa, ile ya kapsuli kaiweka kabatini anasema haimsaidii kitu, hiyo ya bluu ndo anaiamini maana inamfungua hapo hapo. Anaibonyeza akiamka, akitoka shamba, akipanda kilima kwenda kanisani, usiku akishtuka, yaani haitoki mkononi. Mdogo wangu anayekaa naye anasema mikono inamtetemeka na moyo unadunda mpaka bi mkubwa mwenyewe anaogopa. Na ana presha, yuko kwenye dozi.

Naomba kujua, hii bluu ina mwisho wake kwa siku? Na ni kweli akiizoea mwili utaikataa? Kuna jirani kamwambia inhela ni ya kufia, ukishaanza huachi, na hayo maneno yamemkaa kichwani.

Nesi_KlinikiYaKifua

Pole sana mkuu, na mfikishie pole bi mkubwa. Nahudumia wagonjwa wa hivi karibu kila siku kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo, vumilia.

Jirani amekosea na naomba mumwambie mama wazi. Inhela haiui wala sio dawa ya watu wa kufa, ni njia ya kupeleka dawa kidogo sana moja kwa moja kwenye mapafu. Mbonyezo mmoja wa salbutamol una maikrogramu 100 tu, wakati kidonge cha salbutamol ni miligramu 2 au 4, sasa piga hesabu ni ipi inazunguka mwilini zaidi.

Ila zile dawa mbili kazi zao tofauti na hapo ndo wengi wanapotea. Bluu inalegeza misuli inayobana njia za hewa, inaanza ndani ya dakika chache na baada ya saa 4 mpaka 6 imekwisha. Tiotropium inakaa saa 24, haina ule mfunguko wa ghafla, ndo maana anasema haisikii. Kazi yake ni kupunguza zile mara anazobanwa na zile safari za kulazwa, na utaiona tu akiivuta kila siku hata siku anayojisikia mzima. Mwambieni ile ya kabatini ndo ya kila siku na ya bluu ndo ya kuokolea.

Kwa mtu mzima bluu kawaida ni mbonyezo 1 au 2 akibanwa, isizidi mara 4 kwa siku, labda daktari wake awe amesema vinginevyo. Kutetemeka na moyo kwenda mbio ni dawa yenyewe, ikizidi inafanya hivyo, na inaweza pia kushusha potasiamu kwenye damu (chumvi ambayo moyo unaihitaji udunde sawasawa), kwa mtu wa presha hilo sio la kupuuza. Halafu kama anaihitaji mara nyingi kuliko hapo, au inamshika muda mfupi kuliko zamani, ujue ugonjwa umesogea au dawa haifiki mapafuni, sio kwamba mwili umeikataa. Hapo mrudisheni kliniki, msiongeze mbonyezo.

Na nina wasiwasi haifiki. Muulize mdogo wako, anapobonyeza anaona moshi mweupe unatoka mdomoni au puani? Kama ndiyo basi dawa inaishia kwenye ulimi na koo.

Mnyalukolo_Dar

Asante sana dada Nesi, Mungu akubariki. Nimempigia mdogo wangu sasa hivi, anasema ndiyo moshi unatoka, anafungua mdomo anapuliza kama marashi halafu ndo anavuta hewa. Na anabonyeza mbili tatu kwa mkupuo. Pia kumbe kuna vidonge vya aminofilini, vya kufungua kifua, kanunua duka la dawa pale senta, anavimeza usiku. Mimi hata sikujua.

Nesi_KlinikiYaKifua

Sawa, basi tumepata pa kuanzia. Mwambie mdogo wako asimame naye afanye hivi, aketi wima, atoe kifuniko aangalie hakuna uchafu ndani, atikise vizuri. Kama ni mpya au imekaa siku kadhaa bila kutumika abonyeze kwanza mara mbili hewani. Atoe pumzi taratibu mpaka mwisho, aweke mdomo wa inhela katikati ya meno na midomo ifunge kabisa, aanze kuvuta pole pole NDIPO abonyeze mara moja na aendelee kuvuta mpaka kifua kijae. Abane pumzi kama sekunde 10 au anavyoweza. Kama kuna wa pili asubiri nusu dakika hadi dakika, atikise tena. Mbili kwa mkupuo ni kupoteza dawa.

Kifaa cha kapsuli ni kinyume chake, hakitikiswi, na hapuliziwi pumzi ndani maana unga utalowana. Kapsuli itolewe kwenye karatasi yake wakati huo huo wa kuvuta, itobolewe kwa kile kitufe, avute kwa kina mpaka asikie kapsuli inatikisika ndani, kisha avute tena mara ya pili kapsuli hiyo hiyo ili iishe. Na tafadhali sana, kapsuli HAIMEZWI. Nimeona wazee wengi wanaimeza kwa maji kwa sababu imefanana na dawa nyingine na hakuna aliyewaambia.

Kijana_wa_Kericho

Mkuu pole. Mzee wangu pia ana hii shida na kwake kushika huo mpangilio wa kuvuta na kubonyeza pamoja ilikuwa ngumu, vidole havina nguvu tena. Kilichotusaidia ni spesa, kile chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Kama huko ni ghali au haipatikani, kliniki walituonyesha ya chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, unakata tundu kwenye kitako saizi ya mdomo wa inhela, unaingiza inhela hapo unaziba pembeni na plasta isivuje, halafu mzee anaweka mdomo wake kwenye mdomo wa chupa. Unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi pole pole mara nne au tano humo humo. Hata wewe unaweza kumbonyezea. Chupa ioshwe kwanza na sabuni ya vyombo, isifutwe na kitambaa, iachwe ikauke yenyewe, maana ukiifuta dawa inanata kwenye plastiki. Ila hii ni ya inhela ya kubonyeza tu, ile ya unga haiendi na chupa.

Na jambo lingine, moshi. Sisi tulimtoa mzee jikoni kabisa. Dawa inafungua njia huku moshi unazifunga, hapo hamtafika. Najua mama hatakubali kirahisi kuacha moto wake kwenye ile baridi, lakini hata mtu mwingine akipika nje au mkipata mtungi wa gesi kwanza atapata nafuu.

Mfamasia_Mwanza

Naongezea upande wa dawa maana hapo kwenye aminofilini nimeshtuka. Aminofilini na salbutamol zikikutana kwa mtu wa miaka hiyo moyo unaweza kwenda mrama. Tofauti ya dozi inayotibu na inayodhuru ni ndogo sana, na akiandikiwa antibayotiki kama ciprofloxacin au erythromycin kwa ajili ya kifua, kiwango cha aminofilini kwenye damu kinapanda bila nyie kujua. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, moyo kwenda mbio, na ikizidi hata degedege. Ampigie daktari wake leo amweleze kuhusu hivyo vidonge, asiendelee kununua dukani kienyeji.

Tajeni na dawa ya presha ni ipi. Kama ni propranolol, inagombana na salbutamol moja kwa moja, hii inafungua ile inafunga. Lakini msimwachishe ghafla wenyewe, daktari atabadilisha. Kama ni dawa ya kukojoza maji, nyingi zinashusha potasiamu sawa na salbutamol, aombe apimwe damu.

Kuhusu tiotropium, kama ana presha ya macho aseme, na unga usiingie machoni, asisugue macho kabla hajanawa mikono. Mdomo kukauka ni kawaida.

Mnyalukolo_Dar

Dah nashukuru sana wakuu. Dawa ya presha ni hydrochlorothiazide, nimetumiwa picha. Jumatatu anaenda kliniki, mdogo wangu atabeba dawa zote kwenye mfuko. Swali la mwisho, atajuaje bluu imeisha? Anaiweka kwenye beseni la maji anaangalia kama inaelea.

Mfamasia_Mwanza

Hydrochlorothiazide ndo hizo za kukojoza nilizosema, kwa hiyo kipimo cha potasiamu wasikisahau Jumatatu.

Asiizamishe majini, haionyeshi kitu cha kweli na inaweza kuziba tundu. Nyingi zina mibonyezo 200. Kama yake ina namba nyuma afuate namba, kama haina aandike kwa kalamu tarehe aliyoanza, akitumia mibonyezo 8 kwa siku ni siku 25. Baada ya hapo itaendelea kutoa moshi ila dozi sio kamili. Plastiki ya nje ioshwe mara moja kwa wiki baada ya kutoa kopo la chuma.

Nesi_KlinikiYaKifua

Kabla ya Jumatatu, akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo au kucha zikigeuka bluu, akichanganyikiwa au kusinzia ovyo, ni hospitali hapo hapo, na njiani avute bluu kwa chupa, mbonyezo mmoja mmoja. Mkifika semeni mapema ana COPD, maana oksijeni wanampa kwa kipimo, kwa wengi lengo ni oksijeni ya kwenye damu ifike asilimia 88 hadi 92. Makohozi yakibadilika rangi kuwa ya kijani na kuongezeka, au homa, msingoje zaidi ya siku moja.

Na hilo kopo likiisha lisitobolewe wala kutupwa kwenye moto wa kuni, hata likiwa tupu linalipuka.