Kesi ya Kadinali Morone: barua za wenzake tuzisomeje?

Kiborloni_Juu

Wakuu, heshima kwenu. Kikundi chetu cha kusoma historia ya Kanisa hapa Moshi kina Wakatoliki na Walutheri, na Jumamosi ijayo tunaingia kesi ya Kadinali Giovanni Morone, aliyekamatwa kwa tuhuma za uzushi tarehe 31 Mei 1557. Tunazo kurasa kama ishirini za barua za makadinali na maaskofu wa enzi ile, Kiitaliano upande mmoja, tafsiri ya Kiswahili upande wa pili. Tumekwama mahali patatu.

Kwanza, barua moja ya Venezia imeandikwa Februari 1542, lakini ndani yake Bernardino Ochino, mkuu wa Wakapuchini, ameshakimbilia kwa wafuasi wa Calvin. Ochino alikimbia mwishoni mwa Agosti 1542. Mwandishi alijuaje miezi sita kabla?

Pili, tafsiri inamwita kadinali "Mwadhama". Mwenzetu mmoja anasema cheo hicho kilikuwa bado hakijaanza, kwa hiyo barua ni ya kughushi.

Tatu, na hili ndilo linalotusumbua zaidi: wenzake Morone wanazunguka mbuyu. Hakuna anayesema wazi hana hatia, hakuna anayesema ni mzushi. Walikuwa waoga, au sisi ndio tunasoma vibaya?

Maktaba_UsaRiver

Ndugu, la tarehe ni jepesi. Venezia mwaka ulianza 1 Machi. Januari na Februari zilihesabiwa bado ndani ya mwaka unaokwisha, kwa hiyo Februari 1542 yao ni Februari 1543 yetu. Nyaraka nyingine zina herufi "m.v." karibu na mwaka, kifupi cha "more veneto", yaani kwa desturi ya Venezia. Ukiziona, ongeza mwaka mmoja kwa miezi hiyo miwili tu. Usipoziona, usidhani umepona. Tafuta tukio ndani ya barua lenyewe likupe mwaka, kama mlivyofanya kwa Ochino. Kadinali Gasparo Contarini naye anasaidia sana hapo: alifariki Bologna tarehe 24 Agosti 1542, hivyo barua inayomtumia salamu kama mtu aliye hai haiwezi kuwa ya 1543.

Firenze ni kero zaidi kwa sababu mwaka wao ulianza 25 Machi. Kila barua ya huko ya kuanzia 1 Januari hadi 24 Machi itazamwe mara mbili. Uingereza nako ni 25 Machi, lakini barua za Kadinali Reginald Pole, Mwingereza na rafiki wa Morone, akiwa askofu mkuu wa Canterbury zipimwe moja moja: nyumba yake ilikuwa na Waitaliano, na si lazima wafuate hesabu ya wenyeji.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kuongeza siku kumi ili "kurekebisha" kalenda. Msifanye hivyo. Mabadiliko ya Papa Gregori XIII yalikuja Oktoba 1582, tarehe 4 ikafuatwa na 15. Barua za miaka ya 1540 na 1550 huachiwa siku yake ilivyo. Andikeni tarehe kama ilivyo kwenye karatasi, pembeni kwa penseli mwaka uliosahihishwa, na chini yake tukio lililowapa uhakika. Bila hilo la tatu, mwezi ujao hamtakumbuka mlisahihisha kwa sababu gani.

Katekista_Kibosho

Kuhusu "Mwadhama": mwenzenu ana nusu ya ukweli. Ni Papa Urbano VIII aliyewapa makadinali cheo cha "Eminenza", mwaka 1630. Kabla ya hapo waliandikiana "Illustrissimo e Reverendissimo", na ndani ya barua "Vostra Signoria Reverendissima", ambayo kwa Kiswahili ingekaribia "Bwana wangu Mheshimiwa sana".

Lakini kabla ya kutamka neno kughushi, rudini upande wa Kiitaliano. Kama pale pameandikwa "Signoria Reverendissima", aliyeweka "Mwadhama" ni mfasiri, kwa sababu ndivyo tunavyomwita kadinali leo. Kama Kiitaliano chenyewe kinasema "Eminenza", jambo linalofuata ni kuuliza hiyo ni nakala ya lini. Wanakili wa baadaye walikuwa na tabia ya kusahihisha vyeo bila kugusa habari. Ukiwa na karatasi asili yenye muhuri, iliyodaiwa kuandikwa 1557, na cheo hicho kimo, hapo ndipo shaka inakuwa na miguu.

Jambo jingine la majina. Kadinali hakuitwa kwa jina lake kila mara. "Inghilterra", yaani Uingereza, mara nyingi ni Pole. "Santa Croce" si kijiji, ni Marcello Cervini, kwa jina la kanisa lake la heshima pale Roma. "Teatino" au "Chieti" ni Gian Pietro Carafa, aliyekuwa askofu wa Chieti, mji unaoitwa Theate kwa Kilatini. Tengenezeni karatasi moja ya majina hayo kabla ya Jumamosi, la sivyo mtasoma sentensi kuhusu mtu mkadhani ni habari za nchi.

Mwalimu_Sakina

Nibaki na swali la tatu, maana ndilo lenye nyama.

Barua hizo zilikuwa na wasomaji wawili: aliyeandikiwa, na mchunguzi ambaye siku moja angeweza kuifungua. Inkwizisheni ya Roma, yaani mahakama ya Kanisa ya kuchunguza uzushi, iliundwa na Papa Paulo III tarehe 21 Julai 1542, na Carafa alikuwa miongoni mwa makadinali sita wa kuisimamia. Kuanzia hapo, barua ya kumtetea mtuhumiwa iliweza kuwa ushahidi dhidi ya aliyeiandika.

Tazameni karatasi moja kwa karibu. Tarehe 22 Agosti 1542 Ochino, akiwa Firenze, alimwandikia Vittoria Colonna, mwanamke wa ukoo mkubwa na rafiki wa Pole, akieleza kwa nini haendi Roma alikoitwa. Colonna hakujibu. Desemba ulipomfikia mzigo mwingine kutoka kwa Ochino, aliupeleka kwa Cervini, akaeleza kwamba Pole ndiye aliyemshauri chochote kitokacho kwa Ochino akipeleke huko bila kujibu. Akaongeza kwamba anaumia kuona kadiri mtu huyo anavyojitetea ndivyo anavyojishtaki. Ukisoma haraka utaona mama amemtupa rafiki. Ukisoma kwa makini utaona Pole akiwawekea uzio wenzake wote: hakuna atakayesema baadaye kwamba walificha barua ya mtoro. Na Cervini hakuwa karani wa pembeni. Mwaka 1555 alikuwa Papa Marcelo II kwa siku 22, kisha akafuata Carafa mwenyewe, Paulo IV, ambaye ndiye aliyeamuru Morone akamatwe.

Kwa hiyo kila barua iulizeni kwanza: ni karatasi ya aina gani? Iliyotumwa kwa kweli ina mikunjo, anwani kwa nje na alama ya muhuri. Rasimu iliyobaki kwa karani ina mistari iliyokatwa, na palipokatwa pana thamani kuliko palipobaki, kwa kuwa mnaona alichotaka kusema akajizuia. Ya tatu ni dondoo la mahakamani: sentensi chache zilizochaguliwa na upande wa mashtaka. Hiyo msiitumie kupima moyo wa mwandishi mpaka mmeona aya ya juu na ya chini yake.

Halafu choreni mstari ubaoni penye 13 Januari 1547. Siku hiyo Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulitoa hati kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mtu anavyopata kuwa mwenye haki mbele ya Mungu. Kabla yake, mtu aliyeandika kwamba wokovu unategemea imani na neema alikuwa akijadili jambo ambalo Mtaguso ulikuwa haujalifunga. Mashtaka mazito dhidi ya Morone yanatoka upande wa kabla ya mstari: alisambaza huko Modena, alikokuwa askofu, kitabu cha "Beneficio di Cristo", kilichosisitiza wokovu kwa imani na kilichochapwa Venezia 1543, akiagiza muuza vitabu awape bure wasio na fedha, na mwaka huohuo wa 1543 alizozana na Mjesuiti Alfonso Salmerón kuhusu thamani ya matendo mema. Carafa aliyapima maneno ya 1543 kwa mizani ya 1547. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la kesi ile, na wasomaji wa leo wanalirudia kila wanapochanganya barua za miaka yote kwenye rundo moja.

Mlutheri_wa_Machame

Nakubaliana na Mwalimu, naongeza tahadhari kwa upande wetu. Tusimfanye Morone kuwa Mlutheri wa siri. Yeye na Contarini walikuwepo kwenye mazungumzo ya Wakatoliki na Waprotestanti huko Regensburg, Ujerumani, 1541, ambako wanateolojia wa pande zote mbili walikubaliana maneno ya kipengele cha kuhesabiwa haki, kisha Roma na Luther wote wakayakataa. Kufanana kwa maneno ya imani hakumtoi mtu kanisani mwake. Angalieni barua zinasema nini kuhusu misa na mamlaka ya Papa. Hapo ndipo njia zilipoachana.

Kiborloni_Juu

Asanteni sana, wakuu. Nimeangalia Kiitaliano, pameandikwa "Signoria Reverendissima", kwa hiyo ni mfasiri. Swali dogo la mwisho: Papa Pius IV alimfutia Morone mashtaka Machi 1560, na 1563 akamtuma kuongoza Mtaguso mpaka ukafungwa tarehe 4 Desemba. Je, barua za baada ya 1560 tuzisome kama za watu waliokwisha kuwa huru?

Mwalimu_Sakina

Hapana, ndugu yangu. Pietro Carnesecchi, rafiki wa Pole aliyetuhumiwa uzushi pia, naye aliachiwa na Pius IV, mwaka 1561. Aprili 1566 Giulia Gonzaga, rafiki yake waliyeandikiana barua, akafa Napoli, karatasi zake zikachukuliwa, na ndani yake mlikuwa na barua za Carnesecchi za miaka mingi. Wakati huo Papa alikuwa Pius V, ambaye kabla ya hapo alikuwa mchunguzi mkuu wa Inkwizisheni. Carnesecchi alihojiwa sentensi kwa sentensi juu ya barua zake mwenyewe, na maswali yakarudi mpaka kwa Pole, aliyekwisha kufa tangu 17 Novemba 1558, na kwa Morone aliyekuwa hai na mwenye cheo. Carnesecchi aliuawa tarehe 1 Oktoba 1567.

Morone alifariki salama 1580, lakini wenzake walikuwa wameona barua ya zamani inavyoweza kufufuka. Kama barua ya Colonna kwa Cervini imo katika kurasa zenu, anzeni nayo Jumamosi kabla ya ile ya Venezia. Ni fupi, na Ochino, Pole na Cervini wote wamo.