King Kong (1933) au Mighty Joe Young (1949): ipi itangulie kwa watoto?

Projekta47: Wakuu, tuzilinganishe filamu hizi mbili za gorila mkubwa, Kong na Joe, kwa watoto wa miaka 7 hadi 10. Zote ni nyeusi na nyeupe, na nyuma yake wapo watu wale wale: watengenezaji Cooper na Schoedsack, na Willis O'Brien kwenye sanamu za gorila.

Bi_Sinema: Anza na Joe. Dakika 94, hatafunwi mtu, na mwisho wake hauwalizi. Kong ni dakika 100, na humo watu wanakanyagwa na kutafunwa. Vipande hivyo vilikatwa iliporudishwa kumbini mwaka 1938, ila nakala za sasa zinavyo. Wenyeji wa kisiwa nao wameonyeshwa kama washenzi; hilo mwambie mtoto kabla hajaketi.

Kijivu: Kwa haiba, Kong bado yuko juu. Sanamu ya kama sentimita 45, manyoya ya sungura, inasogezwa kidogo, inapigwa picha, inasogezwa tena: picha 24 kwa sekunde moja. Manyoya yakicheza hovyo si upepo, ni vidole vya waliomsogeza! Joe mwendo wake ni laini zaidi. Sehemu kubwa ni kazi ya Ray Harryhausen, msaidizi wa O'Brien.

Lile toleo la Kong lililopakwa rangi liacheni. Msitu ule ni michoro juu ya vioo, imepangwa tabaka kwa tabaka, sanamu katikati. Kijivu ndicho kinachoyashikamanisha. Tia kijani, kila tabaka linajitenga na maungio yanaonekana.

fundi_runinga: Kabla ya kulaumu filamu, shika rimoti:
– Umbo la picha 4:3, mistari myeusi ibaki pembeni. Ukivuta ijae, Kong ananenepa. Ukikuza, unapoteza robo ya picha juu na chini.
– Zima kulainisha mwendo. Runinga inabuni picha za katikati, na sanamu inateleza kama iko kwenye mafuta.
– Rangi weka sifuri, ili kijivu kisigeuke zambarau.
DVD ya PAL (mfumo mmojawapo wa runinga) ikionyesha dakika 96 kwa Kong, usidhani imekatwa. Inakwenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24.

Projekta47: Shukrani. Na Joe mbona karibu na mwisho picha inakuwa nyekundu? Nakala mbovu?

Bi_Sinema: La, ndivyo ilivyotoka 1949. Kituo cha yatima kinaungua, wakatia rangi ya moto kipande hicho tu. Kwa hiyo mkuu fundi, rangi sifuri yako ni ya Kong; kwa Joe irudishe.

fundi_runinga: Nimekubali, hapo nilipitiwa.

Kijivu: Eti gorila huyo Joe katokea Tanganyika! Gorila wa porini wako Kongo, Rwanda, Uganda... Tanganyika kuna sokwe wa Gombe na Mahale. Watoto wa Kigoma watawacheka.