Ulinganisho: tarakimu za mita zisomeke juani. Kioo cha kijivu, kioo cheusi, LED, mshale au simu?

FundiPaa (Singida)

Wakuu, habari za kazi. Nafunga sola Singida mjini na vijiji vya Ikungi, huu ni mwaka wa sita. Wiki mbili zilizopita niliunguza chaji kontrola ya mteja (kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri), nikailipa kwa fedha yangu. Chanzo chake ni kioo cha multimita, mita ya kupimia umeme.

Ilikuwa saa saba mchana, niko juu ya bati jipya linalometa. Paneli mbili nimeshaziunga mfululizo. Nikagusisha ncha za mita kwenye waya mbili zinazoshuka, nikainama mpaka pua ikakaribia kioo, nikasoma 41.2. Nikaridhika. Kumbe kushoto kwa ile 4 kulikuwa na kijistari, alama ya kutoa, kifupi kuliko punje ya mchele, nami sikukiona kabisa. Waya niliyodhani ni chanya ilikuwa hasi, na kontrola yenyewe ni ya zile za bei nafuu zisizo na kinga. Nilipounganisha tu ikatoa moshi. Mteja ni mama mwenye duka la vinywaji baridi, alikuwa amesimama chini ya ngazi ananitazama.

Sitaki lijirudie. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue mita mpya yenye kioo cheusi na tarakimu nyeupe zinazowaka. Rafiki yangu anasema nibaki na hii yangu ya kijivu, niitengenezee kofia. Mzee aliyenifundisha kazi anatumia mita ya mshale mpaka leo na halalamiki. Na wapo wanaotumia mita inayotuma namba kwenye simu kwa Bluetooth. Kwa mtu anayeshinda juu ya paa, ipi inafaa?

Mwl_Saketi (Mbeya)

Pole sana ndugu yangu. Kwa kazi ya paa, hiyo ya kioo cheusi achana nayo. Ngoja nieleze sababu, maana wengi wanaipenda dukani kwenye kivuli halafu wanajuta wakifika kazini.

Kuna vioo vinavyoazima mwanga na vioo vinavyowasha taa yao. LCD ya kijivu, kama ya kikokotoo au saa za Casio, ina karatasi ya rangi ya fedha mgongoni. Mwanga wa nje unaingia, unagonga ile karatasi, unarudi machoni. Penye tarakimu unazuiwa, ndiyo maana tunaona nyeusi. Jua likizidi, na kioo kinang'aa zaidi. Kioo cheusi chenye tarakimu nyeupe ni kinyume chake. Weupe ule ni taa iliyo nyuma ya kioo. LED na OLED nazo hazitegemei mwanga wa nje, tarakimu zake zinawaka zenyewe.

Sasa hesabu. Jua la mchana lisilo na wingu linafikia laksi 100,000 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), wakati ofisini ni 300 mpaka 500. Shati jeupe likipigwa na jua hilo linang'aa kama niti 25,000 (niti ni kipimo cha mng'ao unaotoka kwenye kitu). Plastiki laini ya mbele ya mita inaakisi takriban asilimia 4 ya kilicho mbele yake, kwa hiyo shati lako peke yake linaleta niti 1,000 juu ya kioo. Skrini ndogo ya kawaida inatoa niti mia mbili, tatu. Haiwezi kushindana.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyokudhuru wewe mwenye kioo cha kijivu. Ulipoinama mpaka pua ikakaribia, kichwa chako kilikinyima kioo jua, yaani ulikinyang'anya taa yake, huku plastiki ikiendelea kuakisi shati na anga. Naomba kujua: siku ile ulivaa nini?

FundiPaa (Singida)

Mwalimu, nilivaa fulana nyeupe ya kampeni. Sikuwahi kuifikiria hata siku moja.

Mwl_Saketi (Mbeya)

Basi anzia hapo, haigharimu kitu. Vaa nguo ya rangi nzito isiyong'aa. Simamisha mita kifuani, kioo kikuelekee, jua likiangukia kioo kutoka juu au ubavuni. Chochote kioo kitakachoakisi kuja machoni kwako kiwe cheusi, lakini jua liendelee kukifikia. Ndiyo maana kofia ya kufunika pande zote siipendi kwa LCD ya kijivu. Inaleta giza lilelile la kichwa chako.

Jambo jingine ni upande wa kutazamia. LCD za multimita nyingi hutengenezwa zisomwe na mtu aliye upande wa swichi ya kuzungusha. Ukiilaza mita batini ukaitazama kutoka upande wa juu wa kioo, tarakimu zinafifia. Igeuze tu. Na ukiona tarakimu zimepauka hata ukiwa kivulini, badili betri: kwenye mita za bei nafuu betri iliyochoka hufifisha kioo na inaweza kukupa voti za uongo.

RiderKisauni (Mombasa)

Niongeze la huku kwetu. Mimi ni wa bodaboda, nina pikipiki ya umeme. Dashibodi yake ni hiyo nyeusi yenye maandishi meupe na buluu. Usiku inapendeza kweli, lakini kuanzia saa tano asubuhi naona uso wangu na mawingu tu, asilimia ya betri siioni. Nimewahi kuishiwa chaji nikiwa na abiria kwa sababu hiyo, nikasukuma pikipiki mpaka kituo cha kubadili betri.

Nilibandika karatasi ya kuzuia mng'ao, ile yenye ukungu inayouzwa kwa simu. Taswira ya uso iliondoka, lakini jua likipiga moja kwa moja kioo chote kinageuka kama maziwa. Kilichonisaidia ni kipande cha tyubu ya lori. Nilikikata kama ukingo wa kofia, urefu wa vidole vinne, nikakifunga kwa kamba za plastiki. Tyubu ni nyeusi na haing'ai, na ukianguka haikukati. Pikipiki za zamani za mshale hazikuhitaji haya yote.

Mwl_Saketi (Mbeya)

Umefanya vizuri, na haupingani nami. Dashibodi yako inawasha taa yake, kwa hiyo kivuli ni faida tupu. Karatasi yenye ukungu haipunguzi mwanga unaorudi, inautawanya tu, ndiyo maana unaona maziwa. Inayopunguza ni filamu yenye tabaka la kuzuia uakisi kama la lenzi za kamera. Ile inashusha asilimia 4 hadi chini ya 1. Ni ghali na inakwaruzika upesi, mimi nisingeiweka kwenye mita ya fundi.

MamaDagaa (Dar es Salaam)

Habari zenu wanangu. Mimi si fundi, nauza samaki Feri, ila mada hii ni ya kwangu pia. Mizani yangu ina tarakimu nyekundu za kuwaka. Asubuhi jua likiingia kutoka baharini mteja haoni kilo, na mteja asiyeona anaamini anaibiwa hata kama umempimia haki. Mizozo isiyo na sababu kila siku. Kuna dawa isiyohitaji kufungua mizani?

Mwl_Saketi (Mbeya)

Shikamoo mama. Ipo, na ni ya rahisi. Tafuta plastiki nyekundu inayopitisha mwanga, isiyo na ukungu, uibandike mbele ya tarakimu. Wekundu wa LED unapita, rangi nyingine za jua zinazuiwa. Hata plastiki ya kijivu kama ya miwani inasaidia. Tuseme inapitisha robo ya mwanga. Taa ya mizani inapita mara moja, inabaki robo. Jua linaingia kisha linatoka, linapita mara mbili, inabaki robo ya robo, yaani asilimia 6 tu. Tarakimu zitaonekana hafifu kidogo lakini mandhari yake itakuwa nyeusi, na jicho linachotaka ni tofauti hiyo. Weka na kikofia juu yake.

Kufungua usifungue kabisa. Mizani ya biashara imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, ukivunja lakiri umejitafutia kesi. Bandika kwa nje, na hakikisha hukugusa sahani wala hukuficha stika.

MamaDagaa (Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Plastiki nyekundu nitaipata kwa wanaofunga zawadi?

DoktaWaVioo (Mwanza)

Mama, ile ya zawadi ni nyembamba na inapauka haraka, tena ikikunjamana inaakisi vibaya zaidi. Nenda kwa wanaotengeneza vibao vya matangazo, waombe kipande cha akriliki nyekundu. Huwa wana mabaki.

FundiPaa, mimi natengeneza simu na vioo vya mita. Kabla hujanunua mita mpya, itazame yako kivulini. Kama kioo kimekuwa na rangi ya chai au kina mabaka, tatizo ni filamu ya polaraiza, ile inayochuja mwanga ili tarakimu zionekane. Jua na joto vimeiua. Inabanduliwa polepole kwa wembe, gundi inasafishwa kwa spiriti, inabandikwa mpya. Ya mbele ni angavu, ya nyuma ina mgongo wa fedha. Zungusha ile mpya juu ya kioo kabla ya kuibandika, uone ni mkao gani unatoa tarakimu nyeusi juu ya kijivu. Ukikosea nyuzi 90 utapata tarakimu angavu juu ya giza, na hutaipenda huko paani. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi, mita inarudi kama mpya.

Salim_Muscat (Oman)

Salaam aleikum jamaa. Nipo Muscat, kazi yangu ni viyoyozi, mita yangu inakaa juu ya mapaa kiangazi chote. Naongeza mawili.

La kwanza ni miwani. Siku moja nilidhani mita imekufa, kumbe nimevaa miwani ya jua ya polaraiza. Nikiinamisha kichwa upande, tarakimu zinarudi. Ukiivaa ujaribu kuzungusha mita kwanza, ama uvae miwani ya giza ya kawaida.

La pili ni joto. LCD ikipita kiwango chake inageuka nyeusi yote kama imemwagiwa wino. Iweke kivulini itapoa na kurudi, lakini usiizoeshe. Mita nyingi zimeandikwa mwisho nyuzi 40 au 50, na bati la mchana linapita hapo kwa mbali. Mimi sizilazi batini. Nina mfuko wa kitambaa umening'inia kiunoni.

Kuhusu simu: nimetumia mita ya Bluetooth mwaka mzima. Simu mpya zinawaka zaidi ya niti 1,000, zinasomeka, ila zikipata joto zinapunguza mwanga zenyewe, na ni wakati huohuo unapouhitaji. Fluke 233 ina kioo kinachobanduka na kuwasiliana na mita bila waya. Hiyo ni raha, unakibeba kivulini. Bei yake sasa, hapo kila mtu na mfuko wake.

FundiPaa (Singida)

Na kitufe cha HOLD je? Nilifikiria nipime, nibonyeze, nisogee kivulini nisome.

Mwl_Saketi (Mbeya)

Kinafaa, ila nakusihi uwe na nidhamu nacho. Ukisahau kukitoa, mita itaendelea kuonyesha namba ya zamani. Siku ukipima waya wenye voti 400 za mfululizo wa paneli na kioo kikasema 0.0 ya kipimo kilichopita, utaushika. Kila ukishasoma, bonyeza tena kabla hata hujashusha mkono. Heri utumie klipu za mamba, mikono ibaki huru kugeuza mita.

Mzee wako wa mshale msikilize pia. Uso wa mita ile ni karatasi nyeupe iliyochapwa, jua ni rafiki yake, na ukigeuza chanya na hasi mshale unakimbilia kushoto na kugonga ukuta. Kosa lako la siku ile lisingepita. Udhaifu wake ni kuanguka, na kusoma nusu voti kunahitaji jicho tulivu. Kuwa nayo mkobani kwa kukagua chanya na hasi tu si vibaya.

FundiPaa (Singida)

Wakuu, nimerudi na majibu. Sikununua mita. Filamu ya mbele ilikuwa na rangi ya chai kweli, fundi wa simu hapa mjini ameibadilisha kwa nusu saa. Nimetafuta ovaroli ya buluu nzito, nimeshona mfuko wa kiunoni kama wa Salim, na klipu za mamba ninazo.

Leo saa saba nilipanda paa lilelile la yule mama kufunga kontrola mpya. Kwanza nikaunga klipu kinyume makusudi, nikasimamisha mita kifuani, jua likipiga kioo kutoka bega la kulia. Kile kijistari kikasimama cheusi tii. Nikaishusha kwa kamba mpaka usawa wa ngazi, nikamwomba mama apande hatua tatu aisome yeye. Akaikodolea, akaisogeza kidogo, akasema, "Hapa mbele kuna kutoa. Kisha arobaini na moja nukta tano." Nikageuza klipu, akasoma tena, safari hii hakutaja kutoa. Ndipo nikaunganisha.